Mbwa wa Mama Mkwe Alipona, Mimi Nikaendelea Kumtibu

Mpendwa Bibi mshauri, naomba msaada wako, lakini kabla sijaomba niruhusu kwanza nishukuru, maana nikianza na shida utadhani nyumba yangu inaungua, na haiungui, Bibi, nyumba yangu ina raha ambayo haijawahi kuwa nayo tangu niolewe, na raha hiyohiyo ndiyo ninayoogopa kuipoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, ninashonea chumba cha mbele cha nyumba tunayokaa, na mume wangu ni fundi friji, kazi yake iko uani, kwa hiyo huku mbele pasi inawaka kutwa na kule nyuma kuna mafriji yamefunguliwa matumbo, na majirani hutucheka wanasema wale wawili mmoja anapasha na mwingine anapoza. Baba mkwe alipofariki mume wangu alimwambia mama yake aje akae na sisi, naye akaja na begi moja na mbwa mmoja. Mbwa anaitwa Komando. Jina alipewa na marehemu, sijui alikuwa anamtania au alikuwa anamwombea dua, kwa sababu Komando anaogopa ufagio, anaogopa mwavuli, anaogopa mteja yeyote aliyevaa kofia, nikiwasha cherehani yeye yuko chini ya meza ya kukatia anatetemeka mpaka mkasi unacheza juu ya meza.

Mama mkwe naye siku hizo alikuwa haongei. Si kwamba alinuna, la, alisema "asante mwanangu" nikimpa chakula, akakunja shuka lake kona kwa kona, akakaa. Nilikuwa namwogopa kidogo, Bibi, na kusema kweli Komando nilikuwa simpendi.

Ikaingia baridi, Komando akaanza kuburuta miguu ya nyuma, akawa anajikojolea alipolala, na siku moja alijikojolea juu ya suti ya bwana harusi iliyokuwa imeanguka chini, na bwana harusi yuko njiani kuja kuichukua. Nikapiga kelele. Mama mkwe akatoka chumbani akamkumbatia mbwa, na pale pale mlangoni alikuwa amesimama mteja wangu mwingine, daktari wa wanyama, mama mmoja mpole ambaye baada ya masomo yake ya kawaida alikwenda akasomea tena tiba ya asili ya Kichina. Alikuja kupunguziwa mikono ya koti. Akasema, "Koti litasubiri. Naomba nimwone huyu."

Bibi, sijawahi kuona mtu anampima mbwa vile. Alikaa sakafuni akampa Komando mgongo, akatulia kama aliyekuja kupumzika, mpaka Komando mwenyewe akatoka chini ya meza akaja kumnusa. Ndipo akamtazama ulimi, akatuonyesha, ulikuwa mweupe na umelowa kama kitambaa kilichofuliwa mpaka rangi ikatoka. Akamshika ndani ya paja kusikiliza mapigo, akapitisha kiganja mgongoni, akamwambia mama mkwe, "Weka mkono hapa kiunoni, mama. Unasikia ubaridi?" Kisha akauliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria: analala kwenye saruji au anatafuta jua, anapenda kuguswa au anakimbia, alianza lini kuwa mwoga.

Mama mkwe akasema, "Tangu mtoto. Ila zamani alikuwa na mtu wa kujificha nyuma yake."



Daktari akatueleza kwamba wazee wa tiba ile huwagawa viumbe kwa mambo matano, kuna wa mti, hao ni majasiri na wakali, kuna wa moto, wapenda watu wasiotulia, kuna wa udongo, wapole wapenda kula wanaomhangaikia kila mtu, kuna wa chuma, wapenda utaratibu wanaokaa mbali kidogo na huzuni yao hukaa mapafuni, na kuna wa maji, ambao ugonjwa wao ni hofu na udhaifu wao ni figo na kiuno. Komando, akasema, ni wa maji, na ubaridi umemwingia. Akasema tusimdharau, mbwa wa maji akiwa na afya ni msikilizaji na mwenye busara. Alimtoa damu ya kupima pia kama madaktari wengine, na majibu yalipotoka akasema figo ni za mzee lakini bado zinafanya kazi. Akamchoma sindano zake nyembamba kama nywele, Komando akasinzia. Akatuagiza tumpe chakula cha moto, nyama ya kondoo na tangawizi kidogo kwenye supu, tumkande kiunoni na kitambaa chenye joto, na tumbonyeze kwa dole gumba sehemu mbili alizotuonyesha, huku na huku ya uti wa mgongo. "Na kila siku mtazameni ulimi," akasema. "Ukibadilika rangi, acheni kila kitu mniletee."

Sasa kitambaa chenye joto, Bibi, kwangu mimi ni kitu gani? Pasi iko hapo. Kila nikifunga kazi napasha kitambaa, nakaa chini upande huu, mama mkwe upande ule, Komando katikati, tunabonyeza. Mwanzoni tulikuwa kimya. Halafu siku moja mama akaniambia, "Wewe unabonyeza kama unatafuta sindano iliyopotea." Nikamjibu bila kufikiri, "Na wewe mama unabonyeza kama unakanda unga." Akacheka! Nilikuwa sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Tangu hapo akaanza kunisimulia, alivyokutana na baba mkwe, walivyogombana juu ya jina la mbwa, na Komando akapona miguu, akawa anakwenda mpaka getini, na mama akawa ananishonea vifungo, na mume wangu akasimama mlangoni akatutazama akasema, "Mnanisengenya?" na sisi tukasema ndiyo. Mimi mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Usiniulize nilikuwa najisikiaje.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nililewa na ile habari ya mambo matano. Nikawa nampa kila mtu jina lake, mume wangu udongo, mteja anayegombana na kola kila siku mti, jirani yangu moto, na mama mkwe nikasema huyu ni chuma, hakuna mjadala. Ikaingia joto, kazi zikawa nyingi, nikawa namkanda Komando peke yangu haraka haraka nikisubiri mteja. Mama akarudi chumbani kwake, akawa anakohoa kikohozi kikavu, nami nikasema ni chuma, ni huzuni ya mapafu, watu wa chuma wanapenda nafasi yao, nikampa nafasi. Komando akawa anahema, analala kwenye saruji, anajikuna, anamaliza bakuli la maji anataka lingine, nikimwekea kitambaa cha moto anainuka, nami namvuta namwambia, "Tulia, wewe ni wa maji." Siku moja akaninguruma, Bibi, na mimi nikafurahi! Nikamwambia mume wangu, "Umesikia? Hatimaye amekuwa Komando!"

Wiki hii alikuwa anahema mbele yangu nikauona ulimi wake. Mwekundu kama bitana ya mahameli. Na sikumbuki mara ya mwisho niliyomtazama ulimi ilikuwa lini. Mama akauliza, "Komando ana nini?" nikasema, "Joto tu mama, mbwa wote wako hivi." Kesho yake akashusha begi lake juu ya kabati. Akasema, "Nadhani mimi na Komando turudi kwetu. Nimewachosha." Nyumba ile haina mtu, Bibi. Mume wangu anasema mama akiamua ameamua.

Sasa nifanye nini, nimpeleke Komando kwa daktari kimyakimya apone kwanza ndipo nizungumze na mama, au nimwambie sasa kwamba ni mimi niliyemzidishia joto mbwa wa marehemu mumewe, kitu pekee alichobaki nacho, aondoke leo leo na asinisamehe? Na daktari nitamtazama na uso gani? Nisaidie, Bibi. Nimepewa mama na sasa naona namrudisha.

Wako,
Fundi wa Chumba cha Mbele

*

Mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka na binti anayenisomea akaona bora anisubiri. Bwana friji, bibi pasi, mbwa katikati! Maskini Komando, aponee wapi?

Sasa nimemaliza kucheka. Inuka.

Mbwa anakwenda kwa daktari leo. Si ukimaliza kola ya yule wa mti, leo. Kitambaa cha moto hakuna tena, tangawizi hakuna, mlaze kivulini penye hewa na maji yawe karibu. Na usije ukajuta kupita kiasi ukambeba kwenda kumtia kwenye friji ya mumeo, nakujua wewe sasa, ukishika jambo huliachi. Mzee anayekunywa maji namna hiyo, awe mtu awe mbwa, anatakiwa kupimwa tena, damu na mkojo. Huenda ni joto lako, huenda ni zile figo za kizee, huenda ni kingine kabisa. Mimi sijui na wewe hujui, anayejua anakudai mikono ya koti. Mwambie yote. Usimkatie habari ukamwachia vipande vizuri tu. Unaona haya kumtazama? Mama wa watu alikaa chini akampa mbwa mgongo kwa subira, atashindwa kukusubiri wewe?

Mimi darasani sikukaa hata siku moja, na habari za figo na hofu siwezi kubishana na wazee wa Kichina, waliangalia viumbe kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa. Lakini nilivyokusikia ukisimulia, yule daktari kabla hajasema neno "maji" alifanya nini? Alitazama. Ulimi alitazama, mgongo alishika, akauliza analala wapi. Jina likaja mwisho. Wewe ukachukua jina ukaacha macho. Fundi gani wewe? Mteja ulimpima kipindi kile amekonda, sasa amerudi ameshiba tumbo liko mbele, utakata kitambaa kwa kipimo kile kile umwambie, "Tulia, wewe ni mwembamba"? Ndicho ulichomfanyia Komando. Anahama kitambaa, unamvuta. Anakwenda kwenye saruji, huoni. Mwisho akaamua kusema kwa mdomo wake, akanguruma, kwa lugha yake ya wazi kabisa, "Niache!" nawe ukashangilia. Ningekuwa karibu ningekuchapa kwa kandambili.

Lakini nakuambia na hili, usije ukalia usiku kucha bure: hukumtesa kwa chuki. Uliona kitu kimemsaidia kiumbe ukataka kumzidishia. Kina mama wengi tunaua kwa kijiko cha pili cha dawa. Wewe umeshtuka mapema, mbwa angali anahema, ana miguu, ana daktari. Mshukuru Mungu wako usimame.

Nije kwa mama yako, maana huyo ndiye uliyeniandikia, mbwa ni njia tu.

Chuma, chuma, chuma gani? Chuma anacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana? Chuma anakusimulia alivyotongozwa? Chuma anakutania kazi yako ya vidole? Mtoto wewe, mwenzio anakohoa kikohozi kikavu unamwambia ni tabia yake! Huyo naye anakwenda kupimwa wiki hii hii, kwa daktari wa watu, na kikohozi kisikilizwe kwa chombo, si kwa hadithi. Ukiniambia tena habari ya huzuni ya mapafu kabla hajapimwa nitakuja huko mwenyewe, na nyumba nitaiulizia, mbele pasi, uani friji, watanionyesha.

Unasema ulimpa nafasi. Nani alikuambia anataka nafasi? Nafasi anayo tele, alikotoka kuna nyumba nzima ya nafasi. Alichokuwa nacho kwako ni upande wake wa mbwa. Jioni ikifika kuna mtu anamhitaji, dole gumba lake lina kazi, kuna wa kumcheka na wa kumchekesha. Kazi zilipokuja nyingi ukamkanda mbwa peke yako, haraka haraka, na ukadhani umempunguzia mzee mzigo. Mimi nina wakwe, na nimekuwa mkwe wa watu, nisikilize: mtu mzima hahami nyumba kwa kuudhiwa. Ameudhiwa sana maishani, ameshazoea. Anahama akiona siku inapita na hakuna aliyemwita. Aliposema "nimewachosha" hakuwa anakuaga. Alikuwa anakuuliza, na nyumba nzima hakuna aliyejibu. Mumeo naye na maneno yake ya "akiamua ameamua"! Mwambie Bibi kasema akifunga friji afungue mdomo, ni mama yake yule.

Kwa hiyo swali lako, mbwa apone kwanza au useme kwanza, ni swali la mwoga, na safari hii mwoga si Komando. Unasema kwanza. Unasema kabla ya daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha maradhi ya mbwa wa mwenzio ukamwambia ni joto tu. Akija kujua kwa daktari, au akija kujua mbwa akiwa chini, hapo hatakusamehe kweli, na mimi sitakutetea. Ukimwambia leo, huenda atakasirika. Mwache akasirike! Miezi yote hiyo amekuwa mpole kwako kama mgeni, hasira yake nayo ni ya mtu wa nyumbani. Huenda atataka kuondoka bado. Akitaka, utambebea begi, utakwenda kumwona, utarudi tena kumwona, mpaka aseme mwenyewe nirudisheni. Lakini sidhani. Mwanamke aliyekuambia unabonyeza kama unatafuta sindano ameshakuzaa huyo, ila hajakupa taarifa.

Na sasa niseme langu. Kikapu changu kimejaa barua za mama mkwe. Kaniibia mume, kanihesabia nyama, kanisema kwa majirani. Nimesomewa hizo mpaka masikio yameota sugu. Kati ya zote hizo imekuja yako, mtu anamlilia mama mkwe asiondoke. Binti anayenisomea alifuta macho akasingizia vumbi. Nakushukuru, mjukuu wangu, umeniosha. Lakini zile shukrani ulizoniandikia, za jioni zenu, za kucheka, za kupewa mama baada ya kukosa mama, hizo umekosea anwani. Mimi sikukaa upande wa pili wa mbwa. Mwenye mali yuko chumba cha ndani anakunja nguo, na hajawahi kuzisikia hata moja. Umeziandika vizuri hivyo kwa mtu usiyemjua, na yeye uliyekaa naye sakafuni hujamwambia!

Zima cherehani. Mteja akigonga akae nje ahesabu magari. Ingia chumbani kwa mama, usisimame mlangoni, kaa chini kitandani pake. Mwambie hivi, usipambe: "Mama, Komando nimemuumiza mimi, nilimzidishia joto na nikakudanganya. Na wewe nilikuacha peke yako, nikadhani ndivyo unavyopenda. Nisamehe. Jioni zile zilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopewa tangu mama yangu afariki. Twende kwa daktari, wewe umshike, mimi niseme nilichofanya."

Halafu funga mdomo, mwanangu, umtazame usoni, umwache ajibu.

Bibi yako,
anayekupenda na fimbo mkononi